Wali wa Marehemu

Xinjing, tarehe 28 Oktoba, mwaka wa kumi wa Kangde

Mdogo wangu Suqiu,

Pokea salamu zangu, umpe baba nusu, na nusu nyingine mpelekee mama palepale kitandani alipo. Mimi ni mzima wa afya, ila vidole vimeota sugu kwa kuandika.

Mzee Chi, muuza sindano na nyuzi, atakukabidhi blanketi kuukuu. Usicheke uchakavu wake. Fumua ule upande ulioshonwa kwa uzi mwekundu, utakuta mfuko wa mchele, kiasi cha kujaza kofia ya baba. Mpikie mama uji mlaini. Pika mlango ukiwa umefungwa, na chungu kikioshwa maji yake yamwagwe mbali, maana harufu ya wali siku hizi inafika mbali kuliko ya nyama. Sheria unaijua. Mchele ni wa Wajapani. Sisi Wachina, "watu wa Manzhou" kama tunavyotakiwa kujiita, tukikutwa nao hata tumboni ni wahalifu wa uchumi.

Baba akiuliza nimeupata wapi, mwambie nimepewa na mtu. Akiuliza mtu gani, mwambie moto unazima, akachochee.

Ofisini ni yaleyale. Waziri wetu ni mwenzetu, naibu wake ni Mjapani, Bwana Kuwabara. Waziri anapiga mhuri, naibu anaamua upigwe wapi. Katikati niko mimi, natafsiri. Kila asubuhi tunainama kuelekea mashariki kwa mfalme wao, kisha tunageuka tunainama kwa mfalme wetu Kangde, na huyo wa pili tunamwinamia upesi upesi.

Niandikie hali ya mama, na usinipambie.

Kaka yako,
Zhanting

*

Liutiaogou, siku ya kumi na mbili ya mwezi wa kumi

Kaka,

Blanketi limefika. Mzee Chi alikunywa maji bakuli tatu na kunisifia nywele ndipo akalitoa, nikamwambia sifa awapelekee wanunuzi wake.

Hukutaka nikupambie, basi sikupambii. Mama amekonda, na miguu imevimba. Unga wa mbegu za mwaloni tunaogawiwa unamfunga tumbo, na mtama wetu wote ulikwenda kwenye ghala la serikali. Nilipomwonyesha mchele alitia mkono mfukoni akauchezea, akalia kidogo, akasema wekundu wa uzi ule anaujua, ni wa koti lako la shule. Kisha akaufunga. Eti Zhanting atakuja Mwaka Mpya, tutaula pamoja. Nikamwambia mama, kaka huko mjini anakula. Akasema, "Wewe umemwona akila?"

Baba alimfokea. Akamwambia, "Mwanamke, utakufa umelalia mchele!" Mama akamjibu, "Basi nitakuwa nimelala pazuri." Tukacheka wote watatu, kisha tukala uji wa mwaloni.

Baba aliuliza ulikoupata. Nilimwambia akachochee moto. Alichochea. Unajua alivyo. Bado anarudia yale aliyokuambia ukipanda gari moshi, kwamba amekupeleka shule ukajue lugha yao ili wasituonee, si ukakae mezani kwao.

Njoo Mwaka Mpya, kaka. Mama hataugusa mchele mpaka uje.

Suqiu

*

Xinjing, tarehe 8 Januari, mwaka wa kumi na moja wa Kangde

Suqiu,

Sitaweza kuja. Ofisi imefuta likizo zote kwa sababu ya vita, na Bwana Kuwabara anataka niandamane naye kaskazini kukagua misitu. Nilimwomba mara mbili. Amekataa mara zote mbili.

Mwambie mama asinisubiri. Mwambie ni amri ya mwanawe mkubwa aliyevaa koti jipya la serikali lenye vifungo vitano. Apikiwe leo hii, tena mzito, si uji. Mimi sikosi chakula, nakuapia.

Zhanting

*

Mgodini. Theluji bado haijayeyuka.

Mwanangu Suqiu,

Mimi baba yako. Anayeandika ni Mwalimu Mou, alikamatwa kwao kusini na kuletwa huku kuchimba makaa ya mawe. Mimi nasema, yeye anaandika, na nikitukana anaruka, kwa hiyo ukiona pengo ujue nilimtukana mtu. Anayekuletea ameangukiwa na jabali, hana tena mguu, wanamrudisha kwao. Barua imo ndani ya bendeji, haikusomwa na yeyote, ndiyo maana nasema yote.

Siku ile ya msiba ulinishika mkono ukaniambia, "Baba, tuazime mtama tuweke bakulini." Ulikuwa na akili kuliko mimi. Lakini nilimtazama mama yako alivyolazwa pale ubaoni. Miaka yote ile alikula kilichobaki chunguni, na mchele wa mwanawe hakuulamba hata punje. Bakuli la marehemu ndilo la mwisho, linawekwa kichwani pake, na asiposhiba hapo hatashiba tena. Nikasema leo atakula wali, tena wa kurundikwa. Nikajiambia nani atamkamata maiti.

Sikufikiria kwamba kila anayekuja kuinama mbele ya jeneza anainama mbele ya bakuli. Sui Fengtai aliinama, akainuka ameliona, weupe wake na vijiti viwili vimesimama katikati. Usimchukie. Yeye ni mkuu wa nyumba kumi, na nyumba moja ikikosa kumi zote zinaadhibiwa, na ana watoto watano. Alikwenda kuripoti huku akilia.

Polisi walitaka kujua nani amenipa. Nilisema niliuiba kwenye kiwanja cha kupuria cha Wakorea wanaolima mpunga. Wakanipiga, nikasema vilevile. Wakanipiga tena, mimi nikang'ang'ana na wizi wangu mpaka nikaanza kuukumbuka kama niliufanya kweli.

Sasa nisikilize vizuri. Zhanting asijue. Asijue yangu, asijue hata ya mama yake. Akisikia amefiwa atakuja kuvaa nguo nyeupe za msiba, akija ataniulizia, akiambiwa atakwenda polisi na kusema mchele ni wake. Ana kichwa changu huyo. Karani wa ofisi aliyepenyeza mchele kijijini hawatamleta huku kuchimba, watamfunga asionekane tena. Mimi ni mzee, nimekwisha kula sehemu yangu. Mwandikie kwamba wote tu wazima.

Baba yako

*

Liutiaogou, siku ya tisa ya mwezi wa pili

Kaka,

Mama anakusalimu. Wali alikula, alisema ni mtamu na kwamba uliupepeta vibaya, una makapi. Miguu imepungua uvimbe. Baba hajambo, yuko shambani tangu alfajiri mpaka giza, ndiyo maana hana la kukuandikia.

Kaka, nakuomba usitume tena mchele. Na usije kwa sasa. Njiani wanakagua sana.

Suqiu

*

Xinjing, tarehe 20 Aprili, mwaka wa kumi na moja

Suqiu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili, kwa kuwa ni fupi mno. Wewe uliyekuwa ukiniandikia hata kuku wa jirani wametaga mangapi.

Usinione mtoto. Baba amegundua jambo kunihusu, au amelihisi, na sasa mchele wangu unamchefua. Sawa. Lakini aliseme yeye mwenyewe, akutajie uandike, asikutume wewe kunifungia mlango. "Usitume, usije." Mtu anamwandikia hivyo mdai wake, si kaka yake.

Nimemnunulia mama soksi za sufu. Hizo pia ni najisi? Kama si najisi, Mzee Chi anazo.

Zhanting

*

Liutiaogou, siku ya pili ya mwezi wa tano

Baba,

Natumaini Mzee Chi atampata yule mpishi wa mgodini aliyesema anaweza kukufikishia. Ndani ya bunda kuna unga wa mahindi uliokaangwa, usigawe wote.

Shamba linalimwa na shangazi na mimi. Mke wa Sui huniletea maharage, anaweka mlangoni na kukimbia kabla sijafungua. Siku moja nilimwahi. Tulisimama tunatazamana, nikayapokea maharage.

Baba, nimechoka kumfufua mama kila mwezi. Kaka ametuma soksi. Nilizivaa mkononi nikalia mpaka shangazi akaja kunivua. Kaka ananiuliza kama zinamtosha mama, na mimi nakaa natunga jinsi zinavyomtosha. Anadhani umemkataa. Bora akuchukie au bora ajue? Mimi sijui tena. Niruhusu nimwambie.

Binti yako

*

Mgodini, baada ya sikukuu ya mwezi wa tano

Suqiu,

Unga umefika, na nimegawa, kwa sababu hukuwa hapa kunizuia.

Jibu ni hapana. Acha anichukie, chuki haimuui mtu. Akioa siku moja akapata mtoto wake, ndipo umwambie, tena mbele ya mkewe ili aone haya kulia. Mimi nina nguvu. Huku wananiita Punda Mzee, na mimi nawaita majina ambayo Mwalimu Mou hawezi kuyaandika.

Soksi zivae. Mama yako angekasirika zikiliwa na nondo.

Baba yako

Binti wa Mzee Luan, mimi Mou naongeza hapa bila yeye kujua, maana hajui kusoma. Baba yako hana nguvu. Anakohoa damu tangu theluji ilipoyeyuka. Vikapu vyake vya makaa tunavijaza sisi kwa siri, ili asipigwe. Sidhani ataona baridi nyingine. Kama kuna mtu yeyote duniani anayeweza kusema neno kwa ajili yake, ni sasa.

*

Liutiaogou, siku ya kumi na moja ya mwezi wa sita

Kaka,

Kaa chini kwanza.

Mama alifariki mwezi wa kumi na mbili, barua yako ya kusema huji ikiwa njiani. Hakuumwa sana siku ile. Aliomba maji, akageukia ukutani. Salamu zote nilizokutumia baada ya hapo nilizitunga mimi. Makapi niliyatunga mimi. Nisamehe au usinisamehe, lakini soma mpaka mwisho.

Mchele hakuula. Baba aliupika siku ya msiba akamjazia bakuli la kichwani. Likaonekana. Polisi wakamchukua baba jeneza likiwa bado sebuleni, mama tukamzika sisi wanawake na Mzee Chi. Baba alisema ameuiba, hakukutaja, wakamvunja mbavu na hakukutaja. Yuko mgodini, ule wa karibu na mpaka. Anakohoa damu. Alinikataza kukuambia, kwa sababu ungekwenda kujitoa, na angepoteza mke na mwana kwa bakuli moja.

Navunja amri yake kwa kuwa Mwalimu Mou anasema hana muda. Wewe unawajua wakubwa. Tafuta mtu, honga, danganya, fanya lolote, ila usiseme mchele ni wako. Hilo tu nakuomba. Nimekwisha kumsaliti yeye, usinifanye nikupoteze na wewe.

Suqiu

*

Xinjing, tarehe 6 Agosti, mwaka wa kumi na moja

Suqiu,

Naandika nikiwa stesheni.

Mchele ule ulikuwa halali.

Mwaka jana nilifaulu mtihani wa daraja la kwanza wa lugha. Katika ofisi yetu mtafsiri wa daraja hilo hupewa mchele kila mwezi kama wao, yeye na wazazi wake. Na wazazi wake, Suqiu. Baba angesema pale polisi, "Nimepewa na mwanangu, mtafsiri wa ofisi fulani Xinjing," wangepiga simu moja, wangemwomba radhi, na wangeinama mbele ya jeneza.

Sikuwaambia kwa sababu niliona aibu. Niliapa kiapo chao, nakula ukumbini kwao, na baba alinikataza kukaa mezani kwao. Nikaona heri adhani nimeupata kwa njia za panya kuliko ajue kwamba naula kwa haki. Nikakuambia mfunge mlango, mfiche harufu. Mimi ndiye niliyewafundisha kuuogopa mchele ule.

Kumlilia mama sijaanza. Nitaanza nikimtoa baba. Nina barua ya Bwana Kuwabara, amenipa bila kuuliza mengi. Treni hiyo inaingia.

Zhanting

*

Mji wa mgodi, mwisho wa Agosti

Qiu,

Nilitaka kukueleza ana kwa ana, lakini ukiniona kabla hujasoma utanisoma usoni, na mimi sitaweza kusema.

Msimamizi wa mgodi, Mjapani, alinipokea vizuri. Aliisoma barua, akanipa kiti na chai. Alishangaa kweli. Akasema, "Kwa nini mzee hakusema?" Akaagiza aletwe.

Aliletwa watu wawili wakimshika. Qiu, nilimtambua kwa mwendo tu. Uso ulikuwa makaa matupu na macho. Alinitazama kuanzia viatu, koti, vile vifungo vitano, mpaka kofia. Nikaona mwili wake wote unakaza.

Msimamizi anajua lugha yetu kiasi cha kutosha, kwa hiyo kazi yangu ya kutafsiri haikuwa na faida hapo. Alimwuliza mwenyewe, "Huyu ni mwanao?"

Baba akasema, "Simjui."

Nikapiga magoti. Nikasema, "Baba, ni mimi Zhanting. Mchele ule ni haki yangu, na ni haki yako, sheria yao wenyewe inasema. Hakuna kosa. Sema tu ndiyo."

Akacheka, kile kicheko chake cha kumdharau anayebishania bei sokoni. Akamwambia msimamizi, "Bwana mkubwa, huyu kijana ana homa. Mimi sina mtoto wa kiume, nina binti mmoja tu. Mchele niliuiba, niliwaambia tangu mwanzo. Mnataka niseme mara ngapi?"

Nilimsihi. Nilimtajia mama, nikakutaja wewe, nikataja mpaka yule punda wetu kipofu. Kila nilichotaja kilimfanya azidi kuamini kwamba nimekamatwa na wananitumia kumnasa, au kwamba nimekuja kujitoa na polisi hawajapigiwa simu bado. Nilikuwa nasema kweli tupu na kila neno linanifungia mlango.

Msimamizi alikasirika. Akasema mtu anayekana mwanawe si mzazi wa mtu, na ruhusa ya mchele ni ya wazazi. Niende nikalete mthibitishaji kutoka wilayani, mtu anayezijua nyumba zetu. Akaamuru mzee arudishwe kazini.

Walipompitisha karibu yangu alinipiga kikumbo cha bega, kama unavyompiga mtu aliyekuzibia njia. Na kwa sauti ya chini sana akasema, "Umekula?"

Nikasema, "Nimekula, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Nilipiga simu ya upepo wilayani palepale, wamtume Sui Fengtai. Siku zikapita. Nilikaa nje ya lango la mgodi kama mwombaji, sikuruhusiwa kuingia. Sui alifika jana na karatasi yenye mhuri, amekuja nusu ya njia kwa miguu. Tulipoingia naye, Mwalimu Mou alikuwa anatungoja. Baba alikuwa amefariki alfajiri ya jana, akiwa ameketi kwenye kikapu chake akipumzika. Sui alianguka chini pale pale, na mimi ndiye niliyemwinua.

Mwalimu Mou amenisimulia siku zake za mwisho. Anasema aliporudi kutoka ofisini alikuwa na furaha ambayo hawajapata kuiona kwake. Aliwaambia wenzake wote, "Alikuja kujitoa, mpumbavu yule, nimemrudisha." Akakohoa, akacheka. Hakumuuliza mtu kama niliyosema yana ukweli. Halikumpitia akilini.

Na kila aliyekaa karibu naye, anasema Mou, baba alimwambia neno lilelile mpaka wakachoka, kwamba mwanawe amenenepa. "Mmeyaona mashavu yake? Anakula huyo. Anakula vizuri."

Mimi nilikuwa nikimficha hilo, Qiu.

Kaka yako,
Zhanting